Ufunguo wa Kigeni na Uunganishaji wa Majedwali ya Hifadhidata: Mfano wa Nyumba za Ghorofa za Kileleshwa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Zama za wahenga hao daftari lilikuwa la karatasi na mwandishi wake alikuwa mmoja. Siku hizi daftari la benki, la chuo, la hospitali na la ardhi ni hifadhidata iliyomo ndani ya kompyuta, na waandishi wake ni mamia. Hata hivyo, kuwa na daftari pekee hakutoshi. Mali yaweza kupotea ndani ya daftari lenyewe, endapo ukurasa mmoja unataja kitu ambacho ukurasa mwingine haukijui. Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kimoja kilichobuniwa ili kuzuia upotevu wa aina hiyo, nacho ni ufunguo wa kigeni. Mfano utakaotumika ni wa mtaa wa Kileleshwa, magharibi mwa jiji la Nairobi, ambako nyumba pana zenye bustani zimeondoka na nafasi yake kuchukuliwa na majengo ya ghorofa yenye makumi ya familia juu ya kiwanja kimoja.

Mfano huu haukuteuliwa kwa bahati nasibu. Pale ambapo kiwanja kilikuwa na nyumba moja na mwenyewe mmoja, daftari jepesi lilitosha. Kiwanja hichohicho kinapobeba nyumba arobaini, kila moja na mwenyewe, swali la "nyumba hii imo katika kiwanja kipi, na ni ya nani?" huwa ni swali la akiba ya maisha ya mtu.

Jedwali na ufunguo wa msingi

Katika hifadhidata ya kimahusiano, taarifa huwekwa katika majedwali. Kila jedwali huhusu aina moja ya vitu. Safuwima zake hutaja sifa za vitu hivyo, na kila safumlalo hueleza kitu kimoja. Ili safumlalo moja isichanganywe na nyingine, huteuliwa safuwima ambayo thamani yake hairudiwi kamwe katika jedwali hilo. Safuwima hiyo ndiyo ufunguo wa msingi.

Uhitaji wa ufunguo huo huonekana wazi Kileleshwa. Barabara nyingi za mtaa huo zimepewa majina ya miji na maeneo ya Kenya: ipo Barabara ya Mandera, ipo ya Siaya, ipo ya Kandara. Karani akiandika neno "Mandera" bila maelezo zaidi, msomaji hawezi kujua kama anakusudia barabara ya Kileleshwa au kaunti iliyoko kaskazini mashariki mwa nchi. Jina ni la wengi, bali ufunguo ni wa mmoja.

Tuseme basi kwamba yapo majedwali matatu yafuatayo. Data zake ni za mfano wa kufundishia tu.

Jedwali la 1: VIWANJA
Kiwanja | Barabara
V1 | Siaya
V2 | Mandera

Jedwali la 2: NYUMBA
Nyumba | Ghorofa | Kiwanja
N1 | 1 | V1
N2 | 4 | V1
N3 | 2 | V2

Jedwali la 3: WAMILIKI
Mmiliki | Anwani
M1 | Nairobi
M2 | Nairobi
M3 | Mombasa

Katika jedwali la VIWANJA, safuwima ya kwanza ndiyo ufunguo wa msingi. Katika jedwali la NYUMBA, ufunguo wa msingi ni N1, N2 na N3. Lakini humo ndani mna safuwima ya tatu, iliyobeba V1 na V2. Thamani hizi hazikuzaliwa katika jedwali la NYUMBA. Kwao ni jedwali la VIWANJA, na hapa zimekuja kutembea. Hiyo ndiyo maana ya ufunguo wa kigeni: ni safuwima katika jedwali moja ambayo thamani zake ni lazima ziwe zimo tayari katika ufunguo wa jedwali jingine.

Ni vyema msomaji atambue kwamba neno "kigeni" hapa halina uhusiano na ng'ambo. Ugeni wake ni wa jedwali kwa jedwali, kama ule wa jirani aliyevuka ua. Na mgeni huyu hakaribishwi mpaka ajulikane kwao.

Kwa nini taarifa zisiwekwe pamoja?

Mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini kusumbuka na majedwali kadhaa ilhali barabara, kiwanja, nyumba na mwenyewe vingeweza kuandikwa katika jedwali moja refu? Jibu liko katika kurudiarudia. Ikiwa jengo lina nyumba arobaini, jina la barabara litaandikwa mara arobaini. Makarani wawili wakiligawana, mmoja ataandika "Kileleshwa" na mwingine "Kileleswa". Kompyuta, ambayo haina busara ya kusamehe herufi iliyoanguka, itauhesabu mtaa mmoja kuwa miwili. Aidha, barabara ikibadilishwa jina, itabidi safumlalo arobaini zirekebishwe. Zikirekebishwa thelathini na tisa, daftari litakuwa na kauli mbili zinazopingana, na hakuna mtu atakayeweza kusema ipi ni ya kweli.

Jambo likiandikwa mahali pamoja na kurejelewa kwingineko, rekebisho moja latosha. Mpangilio wa maeneo ya uchaguzi ni kielelezo kizuri. Kenya ina kaunti 47, maeneobunge 290 na wadi 1,450. Kaunti ya Nairobi ina maeneobunge 17 na wadi 85. Kileleshwa ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Dagoretti Kaskazini. Nyingine ni Kilimani, Kawangware, Gatina na Kabiro. Katika hifadhidata iliyopangwa vyema, safumlalo ya wadi ya Kileleshwa haiandiki habari zote za Dagoretti Kaskazini wala za Nairobi. Hubeba tu ufunguo wa eneobunge lake, na eneobunge nalo hubeba ufunguo wa kaunti yake. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ipitie upya mipaka kila baada ya muda usiopungua miaka minane wala kuzidi kumi na miwili. Ikitokea wadi ikahamishiwa eneobunge jingine, thamani moja tu hubadilishwa, na vituo vyote vya kupigia kura vilivyo chini ya wadi hiyo huhama pamoja nayo.

Historia kwa ufupi

Wazo hili lina mwenyewe. Mnamo Juni 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yaliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano. Humo alieleza ufunguo wa msingi na ufunguo wa kigeni. Mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kuu katika taaluma ya kompyuta. Alifariki mwaka 2003.

Kabla ya Codd, mifumo mingi iliunganisha taarifa kwa kuelekeza mahali zilipohifadhiwa ndani ya mashine. Njia hiyo yafanana na kumwelekeza mgeni Kileleshwa kwa kumwambia: "Nyumba ni ya tatu baada ya mjakaranda mkubwa." Maelekezo ni sahihi mpaka siku mjakaranda utakapokatwa ili jengo jipya lipande, hapo mgeni atakapotangatanga. Codd alipendekeza kwamba taarifa ziunganishwe kwa thamani zilizoandikwa waziwazi ndani ya majedwali, wala si kwa mahali zilipolala. Thamani V1 hubaki V1 hata data zikihamishiwa mashine nyingine au nchi nyingine.

Utekelezaji ulichukua muda. Lugha ya SQL, iliyoanza kubuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM katika miaka ya 1970, ilipata kiwango rasmi mwaka 1986, lakini ufunguo wa kigeni uliingizwa katika kiwango hicho mwaka 1989. Hata baada ya hapo, si kila programu iliutekeleza. Katika MySQL, ambayo imetumiwa sana na wanafunzi na wafanyabiashara wadogo, aina ya majedwali iliyotumika pasipo mtumiaji kuchagua ilikuwa ikisoma agizo la ufunguo wa kigeni na kulipuuza kimyakimya. Hali hiyo ilibadilika toleo la 5.5 lilipotoka mwaka 2010 na kuifanya InnoDB kuwa chaguo la kawaida. SQLite nayo ilianza kuutekeleza mwaka 2009, ila kwa kawaida mtumiaji hulazimika kuuwasha mwenyewe. Funzo ni kwamba kuandika agizo ni jambo moja, na kuhakikisha kuwa linatiiwa ni jambo jingine.

Kazi ya ulinzi

Kuna kosa linaloenea miongoni mwa wanaoanza, nalo ni kudhani kwamba ufunguo wa kigeni ndio unaoyaunganisha majedwali wakati wa kuuliza swali. Sivyo. Mtu aweza kuyaunganisha majedwali mawili kwa safuwima yoyote ambayo thamani zake zinalingana. Kazi mahsusi ya ufunguo wa kigeni ni ulinzi: huhakikisha kwamba muungano huo utakapotafutwa, utapatikana. Ulinzi huo hufanyika katika milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa kuingiza. Karani akijaribu kuandika nyumba N4 na kusema imo katika kiwanja V9, mfumo huangalia jedwali la VIWANJA. Usipokiona V9, hukataa. Nyumba haiwezi kuning'inia hewani.

Mlango wa pili ni wa kufuta. Karani akitaka kukiondoa kiwanja V1 ilhali N1 na N2 zinakitaja, mfumo hulazimika kuamua, na kiwango cha mwaka 1992 kilimpa mbunifu wa hifadhidata njia kadhaa za kuchagua. Tatu ndizo maarufu. Ya kwanza ni kuzuia: ufutaji hukataliwa maadamu ipo safumlalo inayotegemea. Ya pili ni kufuatisha: kiwanja kikifutwa, nyumba zake zote hufutwa nacho. Ya tatu ni kuacha tupu: nyumba hubaki, lakini nafasi ya kiwanja huachwa wazi.

Uteuzi wa njia si suala la ufundi pekee, kwani una athari kwa watu. Katika daftari la ardhi, njia ya pili ni ya hatari mno: kidole kimoja kikiteleza, familia arobaini zitakosa kumbukumbu ya makao yao kwa nukta moja. Hapo kuzuia ndiko kunakofaa. Kufuatisha kunafaa pale ambapo kitu hakina maana bila mzazi wake, kwa mfano viambatisho vya ombi lililofutwa. Kuacha tupu kunafaa kwa uhusiano unaoweza kukatika bila madhara, kwa mfano jina la wakala anayekusanya kodi ya jengo, ambaye aweza kuondoka leo na mwingine akaja mwezi ujao.

Uhusiano wa wengi kwa wengi

Nyumba moja hukaa katika kiwanja kimoja, lakini kiwanja huwa na nyumba nyingi. Huu ni uhusiano wa mmoja kwa wengi, na ufunguo wa kigeni huwekwa upande wa wengi. Umiliki una sura nyingine. Mume na mke waweza kumiliki nyumba moja kwa pamoja, na mtu mmoja aweza kumiliki nyumba kadhaa. Kuweka safuwima moja ya mmiliki katika jedwali la NYUMBA kutamwacha nje mwenzake, na mara nyingi anayeachwa nje ni yule ambaye jina lake halikutangulia. Suluhisho ni jedwali la kati, lenye funguo mbili za kigeni.

Jedwali la 4: UMILIKI
Nyumba | Mmiliki | Sehemu
N1 | M1 | asilimia 50
N1 | M2 | asilimia 50
N2 | M1 | asilimia 100
N3 | M3 | asilimia 100

Safuwima ya kwanza hurejelea jedwali la NYUMBA, na ya pili hurejelea jedwali la WAMILIKI. Akiulizwa mtu ni akina nani wenye nyumba katika Barabara ya Siaya, mfumo huanza na VIWANJA na kupata V1. Kisha huenda NYUMBA na kupata N1 na N2, huingia UMILIKI na kupata M1 na M2, na hatimaye husoma habari zao katika jedwali la WAMILIKI. Mnyororo mzima hushikana kwa sababu hakuna pete iliyokosa mwenzake.

Ufunguo usiobadilika

Thamani gani yafaa kuwa ufunguo? Wengi hukimbilia nambari rasmi iliyokwisha kuwapo, kwa mfano nambari ya usajili wa ardhi. Historia ya Kenya inaonya. Kwa miaka mingi ardhi ilisajiliwa chini ya sheria mbalimbali, kila moja na rejista zake, hadi Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilipozifuta na kuweka utaratibu mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2020 Wizara ya Ardhi ilianza kuchapisha katika Gazeti Rasmi orodha za viwanja vya Nairobi, zikionyesha nambari za zamani na nambari mpya zilizochukua mahali pake. Mnamo tarehe 27 Aprili 2021 mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulizinduliwa, kwa kuanzia na Nairobi.

Mtu aliyekuwa ameitumia nambari ya zamani kuwa ufunguo katika majedwali kumi alijikuta na kazi ya kuibadilisha mahali kumi. Ndiyo maana wabunifu wengi hupendelea ufunguo wa ndani usio na maana yoyote nje ya hifadhidata, kama V1 hapo juu, na nambari rasmi huwekwa kuwa sifa ya kawaida katika safuwima yake. Nambari rasmi ikibadilika, hubadilishwa mahali pamoja, na kila nyumba iliyoshikamana na V1 hubaki imeshikamana.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 yatilia mkazo hoja hii. Kabla yake, wanunuzi wengi wa nyumba za ghorofa walishika mikataba ya ukodishaji wa muda mrefu iliyotegemea hatimiliki ya kiwanja kizima. Chini ya sheria hiyo, mchoro wa jengo ukisajiliwa, rejista ya kiwanja hufungwa na kila nyumba hufunguliwa rejista yake, pamoja na kiwango chake cha haki katika sehemu zinazotumiwa na wote, kama vile ngazi na ua. Kwa lugha ya hifadhidata, mzazi hafutwi ila hufungwa, na kila mtoto ni lazima aonyeshe alitoka kwa mzazi yupi. Tofauti kati ya kufunga na kufuta ndiyo tofauti kati ya kumbukumbu na usahaulifu.

Mipaka ya ufunguo wa kigeni

Itakuwa ni kumpotosha msomaji kudai kwamba kifaa hiki huponya kila maradhi. Ufunguo wa kigeni huthibitisha kuwapo, hauthibitishi ukweli. Karani akiiandika N3 kuwa imo katika V1 ilhali imo V2, mfumo utakubali, kwa kuwa V1 ipo. Vilevile, ufunguo wa kigeni ulioachwa mtupu hupita mlangoni bila kuulizwa, isipokuwa mbunifu awe amepiga marufuku nafasi tupu katika safuwima hiyo.

Zaidi ya hayo, hauzuii nyumba moja kuuzwa mara mbili. Akiandikwa M3 kuwa mmiliki wa N2 kwa asilimia 100 juu ya M1, funguo zote mbili zitakuwa halali, na daftari litakuwa limesema uongo kwa sarufi safi. Kinga ya hilo ni masharti mengine, kwa mfano sharti kwamba jumla ya sehemu za nyumba moja isizidi asilimia 100, pamoja na msajili mwaminifu mwenye kukagua hati.

Ufunguo wa kigeni na upatanisho wa kisarufi

Msomi wa Kiswahili hapaswi kuiona dhana hii kuwa ngeni kwake. Mtu akisema "kitabu nilichokinunua kimepotea", viambishi -cho-, -ki- na ki- vyote vyarejelea nomino moja. Havibebi habari za kitabu, rangi yake wala bei yake. Hubeba alama tu, na msikilizaji huifuata hadi kwenye nomino. Mtu akiingia chumbani na kusema ghafla "nimekinunua", wenzake watauliza: "Nini?" Kirejeshi kimekosa kirejelewa, kama nyumba iliyotaja kiwanja V9.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Kiambishi ki- huelekeza kwenye ngeli, na muktadha ndio unaoamua kama ni kitabu, kiti au kisu. Ufunguo wa kigeni hauna anasa ya muktadha: ni lazima uelekeze kwenye safumlalo moja, wala si mbili. Mwanadamu husikiliza na kukisia. Kompyuta haikisii, na kwa hiyo mwandishi wake hana budi kusema yote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufunguo wa kigeni ni ahadi iliyoandikwa kati ya majedwali mawili: kila kinachotajwa hapa kipo kule, na hakitaondolewa kule maadamu kinatajwa hapa. Ahadi hiyo hulinda dhidi ya taarifa yatima, huondoa kurudiarudia na hurahisisha marekebisho, mradi ufunguo uteuliwe ule usiobadilika, nafasi tupu zidhibitiwe na njia ya ufutaji ichaguliwe kwa busara. Mwenye nyumba ya ghorofa ya nne Kileleshwa huenda asilisikie kamwe neno hilo. Hata hivyo, siku atakapotaka kuuza, kurithisha au kukopea nyumba yake, jambo la kwanza litakaloulizwa ni kama nyumba hiyo inajulikana kwao.